Beberu wa Akika na Minyoo ya Masika

Harufu ya mbuzi anayeharisha juu ya majani mabichi ya masika siisahau, na mpaka leo inanikera. Enzi za Mwingereza tulikaa Mabibo, na mbuzi wa Baba niliwachunga mie, mtoto wa miaka tisa hivi, bondeni Msimbazi. Kiangazi walikuwa wembamba lakini wazima. Mvua ikishika tu, mikia inaganda uchafu, manyoya yanasimama, na kila masika tulifukia mmoja. Baba akisema ni jicho la watu. Jicho gani hilo linalongoja mvua?

Alipozaliwa mdogo wangu Hamisi, Baba akatenga beberu wa akika. Mbuzi wa akika hatakiwi kuwa mgonjwa, la sivyo mtoto hajafanyiwa kitu. Nikaamriwa kumtoa alfajiri ale majani yenye umande, eti ndiyo yanayonenepesha. Baada ya wiki kadhaa beberu akatoka tumbo, na chini ya taya ukaning'inia uvimbe laini kama kifuko cha maji. Baba akaita majirani waje waone unono. Nilipomwambia Mama nimeona minyoo kwenye kinyesi, akanijibu mtoto wa kike hachunguzi nyuma ya mbuzi. Sasa mie niliyetembea nyuma yake kutwa nitazame wapi?

Siku ya akika wageni wamejaa, wali uko jikoni, mzee mchinjaji akamfunua beberu kope. Ndani kweupe kama tui, hamna damu.

"Nani anamchunga huyu?"

"Mie, babu. Shikamoo."

"Marahaba. Anaharisha?"

"Tangu mvua zianze. Nilisema."

Mzee akakirudisha kisu alani. "Bwana, huyu hakunenepa, kavimba. Kaliwa ndani. Kwa akika hafai."

Wageni wakala wali kwa mchuzi wa kunde, Baba hainui uso. Kikulacho ki nguoni mwako, na cha mbuzi ki tumboni. Beberu akafa siku ya tatu. Tangu hapo nikawatoa jua likishakausha majani, tena kwenye mwinuko, na hakuna aliyenibishia. Hamisi akafanyiwa akika kiangazi, keshaota meno, kwa mbuzi niliyemlisha mie.

Leo mjukuu wangu, mtu mzima na ndevu zake, anafuga Kinyerezi. Ana dawa ya minyoo ya dukani, na masika hii nimemkuta akifungulia mbuzi kabla ya jua, majani yanachuruzika maji. Nikamwambia dawa inaua minyoo ya leo, umande wa kesho unawarudishia mingine. Akaitikia vizuri, "Sawa, Bibi." Kesho yake, alfajiri ile ile, akawafungulia.