Siku Niliyoichomoa Kompyuta Ikiwa Kazini

Jambo hili watu wa Rujewa wanalisimulia wanavyotaka, wanaongeza chumvi, wengine wanasema eti nililia, kwa hiyo nimeona nilisimulie mwenyewe, maana aibu ikiwa yangu basi na maelezo yawe yangu. Sikulia. Niliaibika, hilo nakubali, niliaibika mbele ya wakulima kumi na wawili na mwenyekiti wao, ndani ya ofisi yangu, kwenye kiti changu, na ushahidi ulitolewa na kompyuta niliyoinunua kwa jasho langu.

Kwanza mnijue. Mimi ni Mzee Kaduma, Mhehe wa upande wa Tosamaganga, shule niliiacha darasa la nne (au shule iliniacha mimi, inategemea unamuuliza nani), nikaja huku Usangu kubeba magunia ya mpunga, nikabeba mpaka nikajua kuendesha mashine ya kukoboa, nikaendesha mpaka nikajua kuitengeneza, na leo kinu ni changu. Ufundi sikufundishwa na mtu. Mimi natumia sikio. Beringi ikianza kuchoka naisikia nikiwa nyumbani nakunywa chai, mkanda ukilegea naujua, mpunga ukiwa haujakauka naujua kwa namna mashine inavyokohoa. Na sheria ya kwanza ya kinu, ambayo kila mwendesha mashine wa hapa anaijua, ni kwamba mashine ikinyamaza ghafla imekabwa: kata umeme, toa kilichokwama kooni, washa upya. Ukizubaa unaunguza mota. Sheria hiyo imenilisha mimi na watoto saba, na sijaiona ikikosea.

Sasa msimu huu nikanunua mashine ya kuchambua mchele kwa rangi. Inatazama punje moja moja kwa kamera, ikiona ya njano au kijiwe inakipuliza pembeni kwa upepo, mchele unatoka mweupe mpaka unaona haya kuupika. Inaongozwa na kompyuta, na kompyuta hiyo ilikuja haina programu zote. Fundi wake ni Neema, binti wa Iringa mjini, mpole, maneno yake machache. Akanieleza kwamba ndani ya kompyuta ile kuna kitu kinachofanya kazi kama bwana ghala. Programu hununui dukani wala huletewi kwenye flashi. Unamwandikia bwana ghala jina la unachokitaka, yeye anakwenda kukichukua kwenye ghala lao la mtandaoni, anakileta pamoja na vyote kinavyovitegemea, anakipanga kila kimoja mahali pake, halafu anaandika kwenye daftari lake kwamba kitu fulani kimeingia. Nikamwambia hilo nimelielewa, hata mimi nina ghala. Neema akaweka karibu zote, ikabaki programu moja tu, ya kamera, kwa sababu mtandao ulikuwa unakatika. Akasema anakwenda Iringa kwenye kipaimara cha mdogo wake, Jumamosi asubuhi atakuwa amerudi amalizie.

Na Jumamosi hiyohiyo ndiyo wakulima wa skimu ya umwagiliaji walikuwa wanakuja. Hawa ndio wenye mpunga mwingi kuliko kikundi chochote hapa, na walikuwa wanachagua kinu kimoja cha kukobolea mpunga wao wote wa msimu, ama changu, ama cha jamaa wa ng'ambo ya barabara (jina lake silitaji, hajanikosea chochote zaidi ya kuwepo). Nilikuwa nimewaambia njooni muone kwa macho yenu mchele unavyochambuliwa. Wasipoona, wanavuka barabara, na mimi nabaki na mashine ya kufugia panya.

Saa nne na nusu simu ikaita. Neema. Basi limeharibika kabla hawajafika Makambako, wanasubiri lingine, akaniomba niwaambie wageni wasubiri kidogo, anakuja. Ndugu zangu, hapa ndipo palipoharibikia. Ningesema tu kwamba fundi yuko njiani, kungekuwa na ubaya gani? Lakini mimi kumwambia mtu mzima asubiri fundi, tena fundi mwenye umri wa kitinda mimba wangu, niliona ni sawa na kukiri kwamba mashine si yangu. Nikamwambia Neema anitumie hayo maneno ya kumwandikia bwana ghala, nitaandika mwenyewe. Akasita. Nikamkumbusha nani anamlipa. Akatuma ujumbe wa mistari miwili. Wa kwanza ulikuwa amri yenyewe, na huo niliusoma mara tatu. Wa pili ulisema nikishabonyeza nisiguse kitu mpaka alama ya dola, ile ya kuonyesha imemaliza, irudi kwenye kioo, hata kama kila kitu kitanyamaza. Huo niliusoma mara moja, kama unavyosoma maandishi ya kwenye sabuni.

Wageni wakafika saa tano, mwenyekiti mbele na nyuma yake katibu wao, Mama Komba, mwalimu mstaafu, Mngoni wa Songea aliyeolewa hapa. Mnaelewa maana yake. Mngoni na Mhehe ni watani, na mtani akikusema mbele za watu huna ruhusa ya kukasirika, ukikasirika tu umeshindwa. Nikawaingiza wote ofisini, feni inazunguka, nikawatangazia kwamba kazi ndogo iliyobaki naimalizia mwenyewe mbele yao. Nikakaa. Nikaandika kwa kidole kimoja, herufi moja moja, kama mtu anayechuma pilipili, nikaweka neno la siri, nikabonyeza.

Na ilipendeza, jamani. Maandishi yakaanza kukimbia kwenye kioo, mistari juu ya mistari, wakulima wakasogea, mwenyekiti akatikisa kichwa kwa heshima, nami nikajiegemeza kwenye kiti nikawaeleza habari za bwana ghala kama niliyemzaa mimi. Halafu maandishi yakasimama. Tukangoja. Hakuna kitu. Nikasogeza sikio kwenye boksi la kompyuta, nikasikiliza. Kimya.

"Mtani, imelala?" Mama Komba akauliza.

"Imekabwa," nikasema, na kabla mtu hajajibu nikawa nimeshachomoa waya ukutani.

Nikafungua kifuniko, nikapuliza vumbi (vumbi lenyewe halikuwepo, mashine ilikuwa na wiki mbili), nikafunga, nikachomeka, nikawasha, nikaandika amri ileile. Safari hii bwana ghala akagoma. Akajibu kwa Kiingereza. Mama Komba akavaa miwani akasoma, akasema inaeleza kwamba kazi ya kwanza ilikatizwa njiani ikabaki nusu, na mwishoni imeandika amri ya kuikamilisha, niinakili hiyo tu. Ushauri mzuri, bure, kutoka kwa mtu anayejua kusoma. Nikamjibu kwamba mashine niliyoinunua mimi haiwezi kuniamrisha mimi.

Badala yake nikampigia jamaa mmoja wa Iyunga, huko Mbeya, anayetengeneza simu, ambaye huwa anajua kila kitu. Akanieleza, kwa uhakika wa mtu aliye mbali na hasara, kwamba pengine kuna faili la kufuli, la kumfungia bwana ghala mlango, limeng'ang'ania, nilifute. Akanitajia lilipo, akanitajia jina lake, faili moja. Nikaliona, nikaona na mengine yamekaa pembeni yake kwenye chumba hichohicho. Sasa nyie niambieni, mpunga ukikaba, kooni unatoa punje moja moja? Unatoa kiganja kizima. Nikafuta lile la kufuli, na la jirani yake, na jirani wa jirani.

Bwana ghala akarukwa na akili kabisa. Nilipomwandikia tena, akajibu, na Mama Komba akatafsiri polepole kama anayesoma majibu ya hospitali, kwamba kwenye kompyuta hii hakuna programu hata moja iliyowahi kuwekwa. Yaani nilikuwa nimefuta daftari lake. Vitu vyote vimo ghalani, lakini mwenye ghala hajui kama ana kitu.

Mwenyekiti, mtu mstaarabu, akatazama saa yake akasema labda wavuke kidogo ng'ambo ya barabara wakatazame na kule, maadamu wameshatoka nyumbani. Mimi kusikia ng'ambo ya barabara, mdomo ukanitangulia. Nikasema mashine haina tatizo, tatizo ni fundi, huyu binti kaniwekea programu mbovu, na akifika nitamwambia hivyo usoni. Nikaona kalamu ya Mama Komba inaandika kwenye daftari la kumbukumbu za kikundi.

Na ndipo Neema akaingia, vumbi mpaka kwenye nyusi, maana kutoka Igawa alipanda pikipiki. "Kamwene, baba," akanisalimia, akawasalimia na wengine, akaweka mkoba chini, akatazama kioo kwa muda. Halafu akaniuliza kwa sauti ya chini kama umeme ulikatika. Yule mtoto alikuwa ananifungulia mlango wa kutokea, nami nikapita haraka.

"Ulikatika," nikasema.

Feni ilikuwa inazunguka juu ya vichwa vya watu wale wale waliokuwa wamekaa chini yake tangu saa tano. Neema akasema basi ngoja atazame kazi ilifika wapi ili ajue pa kuanzia. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kompyuta ile ina daftari lingine ambalo sikuligusa, na kwenye hilo inaandika kila amri iliyotolewa kwa neno la siri, saa na dakika, na jina la aliyeitoa. Neema akalifungua, akasoma kimoyomoyo, uso ukambadilika, mkono ukaenda kulifunga. Alichelewa. Miwani ya Mama Komba tayari ilikuwa juu ya bega la Neema.

Akasoma lote kwa sauti, ya mwalimu, ile inayofika dawati la nyuma. Saa tano na dakika kumi na mbili, mtumiaji kaduma ameagiza programu ya kamera. Saa tano na kumi na tano, kimya, kompyuta imezimika. Saa tano na ishirini, mtumiaji kaduma ameagiza tena. Saa tano na thelathini na nne, mtumiaji kaduma amefuta faili. Mtumiaji kaduma amefuta faili. Mtumiaji kaduma amefuta faili. Akavua miwani.

"Mtani, umeme wa kwenu una jina lako."

Walicheka mpaka mwenyekiti akashika meza. Jasho lilinitoka mahali ambapo sikujua panatoa jasho. Kukasirika siwezi, kutoka nje siwezi, wamejaa mlangoni. Nikamtazama Neema, na yeye peke yake hakucheka, alikuwa anatazama kibodi, na nikajua ataambiwa nilivyomsema kabla ya jioni. Jina la fundi kijana likiharibika Rujewa, mpaka Mbeya na Iringa litakuwa limeharibika. Nikasimama. Sijazoea, kwa hiyo nilisema kifupi.

"Waya nilichomoa mimi. Mafaili nilifuta mimi. Binti yangu, nisamehe. Na wewe katibu, futa yale niliyosema juu yake."

"Sisi hatufuti," Mama Komba akasema. "Tunaongeza mstari chini."

Akaongeza. Neema akasema tu, "Yameisha, baba," akavuta kiti. Akaeleza kwamba kompyuta huwa inajiwekea nakala ya daftari la bwana ghala, kuna nakala ya jana yake. Akairudisha. Kisha akaandika amri ileile niliyoikataa, ya kukamilisha kazi iliyokatizwa, mstari mfupi ambao hata mimi ningeuweza. Kisha akaagiza upya programu ya kamera, maandishi yakakimbia, na yakasimama palepale yaliposimama kwangu.

Kimya kilekile. Neema akakunja mikono akatazama dirishani. Akasema hapo inapanga vitu, haina haja ya kupiga kelele. Sikio langu lote linaniambia imekabwa, imekabwa, mota inaungua (mota gani, sijui). Nikaweka mikono mgongoni, nikaushika mkono mmoja kwa mwingine. Mama Komba akahama bila kusema kitu, akaenda kusimama mbele ya soketi. Zilipita dakika saba, nilizihesabu kwenye saa ya mwenyekiti. Halafu mistari mitatu ikatoka kwa mpigo, na chini yake alama ya dola.

Mashine ikawashwa, mchele ukamiminwa, punje za njano zikaanza kuruka pembeni kama zimefukuzwa nyumbani. Wakulima wakaushika mchele, wakaunusa, wakautafuna. Wakatoka nje kuongea wao kwa wao, nikabaki ndani na Neema tukinywa maji bila kutazamana.

Waliporudi mwenyekiti akasema mpunga wataleta, wote, mchele wameuona. Lakini kuna sharti, na liko kwenye mkataba, na Mama Komba alikuwa ameshaliandika kwa mwandiko wake wa ubaoni: mwenye kinu haruhusiwi kugusa kompyuta wala waya wake, atakayeigusa ni fundi Neema, au mtu ambaye Neema atamteua.

Basi na mimi nasema wazi, sitaigusa. Kitu chenye mkanda na beringi niiteni saa yoyote, hakuna sikio kama langu kutoka hapa mpaka Mbeya mjini, hilo silipunguzi. Lakini kitu kinachofanya kazi kimya nimekiachia wanaojua kungoja, na nawaambia wazee wenzangu wenye pesa na kiburi kama mimi, ukimlipa mtu kwa ajili ya anachokijua, mwache akijue. Siku ile nilijaribu kuwaomba waongeze maneno "isipokuwa kufuta vumbi". Wakakataa. Mama Komba akanisogezea kalamu, nikasaini. Sijawahi kusaini karatasi inayonikataza mali yangu mwenyewe, na sijawahi kusaini upesi namna ile.