Chafya Moja tu

Ukifika Kimulot uulize nani huwaitia watoto wachanga majina, utaelekezwa kwa Kogo Rael. Kogo ni nyanya kwa Kikipsigis, na Rael ni nyanya wa kila mtu, hata wa wale wasiompenda. Mtoto akizaliwa, yeye humpakata na kuita majina ya marehemu wa ukoo, mmoja baada ya mwingine, mpaka mtoto apige chafya. Jina likipigiwa chafya, mwenye jina hilo ndiye aliyerudi. Ubatizo hufuata baadaye kanisani, na mchungaji hujifanya hajui lolote, ingawa yeye mwenyewe aliitiwa na Rael.

Zamani kazi hii ilimkosesha hata nafasi ya kuchuma chai yake. Nyumba moja ilijaa watoto saba, wanane, na kila marehemu alipata zamu: kwanza watu wa upande wa baba, kisha, watoto wakiongezeka, watu wa upande wa mama. Siku hizi msimu mzima wa mvua hupita bila mtu kumbishia hodi. Rael haulizi kwa nini, maana ana macho. Shamba la chai la babu limekatwakatwa mpaka kila mwana amebaki na kishamba cha kurukwa na kuku, karo haina huruma, na nasari ya kanisa imeunganisha madarasa mawili kuwa moja. Wenzake wa rika hunung'unika kwamba wasichana wa leo ni wavivu wa kuzaa. Rael, aliyezaa tisa na kuzika wanne, hawaitikii.

Lakini alikuwa na lake moyoni. Mamake, Tabutany, alifariki Rael akiwa ameshamaliza kuzaa. Wajukuu waliokuja baadaye walikuwa wachache, na wote walirudiwa na marehemu wa upande wa mumewe. Sasa wanawe wengine walikuwa wameshafunga kuzaa, na kitindamimba wake, Kipruto, alikuwa amepata binti, na mkewe Chepchirchir alirudi kutoka hospitali na msimamo wake.

"Kogo, ni huyu tu. Tumeongea na Kipruto, tumemaliza hiyo maneno."

"Hata mmoja wa kumsindikiza?"

"Hata. Sisi tulikuwa kumi, Kogo. Nilikuwa nalala njaa ndio mdogo wangu akule."

Huwezi kumkaripia mtu kwa njaa aliyolala nayo. Hata hivyo Rael alikata shauri: akishaita wawili watatu wa upande wa mume, kwa heshima tu, ataruka foleni amwite Tabutany. Nani atamkosoa, na mwenye kuita ni yeye?

Siku ilipofika, wanawake walijaa sebuleni na maziwa ya mursik yakamiminwa. Rael alimpakata mtoto, akamwita mama mkwe wake. Kimya. Akamwita shangazi wa mumewe, kisha nyanya wa mumewe. Mtoto alikodoa macho tu. Rael alifurahi mpaka akajionea aibu. Akavuta pumzi amwite mamake.

Ndipo alipomwona Chepchirchir. Midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti, na Rael alilijua lile jina. Ni la mamake Chepchirchir, aliyezaa kumi na kufa akimzaa wa kumi na moja. Naye pia, kwa Chepchirchir, alikuwa na mlango huu mmoja tu wa kurudia. Chepchirchir alijua upande wake uko nyuma kabisa kwenye foleni, na hakuwa ameomba chochote.

Rael akamgeuza mtoto amtazame Chepchirchir.

"Taprandich," akaita. "Taprandich, njoo."

Mtoto akapiga chafya.

Vigelegele vikapasua mabati. Mwanamke mmoja akamnong'oneza mwenzake kwamba Kogo sasa amezeeka, amechanganya zamu. Chepchirchir alimpokea binti yake akilia kwa sauti, akimwita mama. Rael alitabasamu, lakini moyo ulimuuma, wala hakujidanganya: katika nyumba yake Tabutany hakuwa na mlango mwingine, na aliyeufunga ni yeye, mwanawe wa kumzaa.

Wageni walipokuwa wakinywa chai, Chepchirchir alikuja kuketi karibu naye.

"Na wewe, Kogo, ulikuwa unataka nani?"

Rael aliupapasa mguu mdogo uliochomoza kwenye shali.

"Huyo huyo," akasema.