Eliufoo wa Kipaza Sauti na Kata ya Mektrida

Eliufoo wa Shirimatunda hakusomea utangazaji. Alijifunzia kanisani, tena nje ya kanisa, pale Walutheri wanaponadi sadaka baada ya ibada. Asiye na fedha analeta mkungu wa ndizi, mwingine mayai, mwingine jogoo aliyefungwa miguu, na mnadi anaviinua mbele ya watu mpaka apatikane wa kununua. Eliufoo alipewa kazi ile kwa sababu alikuwa ameokoka na pombe hakuigusa tena. Lakini mnadi asiyejua kutania hauzi, na yeye alijua.

"Ndizi hizi ni za Ebenezeri," alikuwa akisema. "Mnamjua Ebenezeri kwa uchoyo. Basi mjue zimemuuma."

Ebenezeri mwenyewe alicheka, na bei ikapanda. Sikumbuki mtu aliyenuna. Kicheko kilikuwa cha Bwana na fedha zilikuwa za Bwana.

Mwaka ambao maduka ya Moshi yalianza kujaa sabuni tena, baada ya ile miaka ya foleni, chama cha mpira kilipata spika mbili za tarumbeta na amplifaya ya kutumia betri ya gari. Akatafutwa mtu wa kusema. Katibu wa chama alikuwa ameshanunua majogoo mengi kwa Eliufoo, kwa bei ambayo hakuikusudia, akamtaja yeye. Ikawa Jumamosi uwanjani, Jumapili mnadani, na siku nyingine kahawa yake na ng'ombe wake mmoja.

Alitaja wachezaji, alisoma matangazo ya sabuni, aliita wenye watoto waliopotea. "Mtoto wa shati jekundu yuko hapa kwangu. Anakula muwa, hana haraka. Mama yake naye asikimbie." Wako waliokuja kumsikiliza yeye tu. Mpira wenyewe miaka ile, tusidanganyane, ulikuwa wa vumbi.

Sasa kulikuwa na timu ya vijana wa Soweto, ule mtaa wa Moshi, na golikipa wao aliitwa Wenseslaus. Mama yake, Mektrida, alikuwa mjane wa Kibosho aliyehamia Soweto akafungua kilabu cha mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi. Mbege ile ndiyo iliyomlea Wenseslaus na wadogo zake. Jumamosi moja mpira mwepesi, wa kudakwa na bibi, ulimpita kijana katikati ya miguu. Eliufoo akasema, kama vile ameshika mkungu wa Ebenezeri:

"Tumsamehe jamani. Mama yake anapika mbege, na leo mtoto ameionja kabla ya wateja."

Uwanja ulicheka. Lakini tarumbeta hazisemi na uwanja peke yake. Upepo ulichukua maneno mpaka sokoni, ambako Mektrida alikuwa akinunua ulezi wa kupikia. Mwenye ulezi akamuuliza, "Mama Wense, kumbe huwa mnaimaliza wenyewe?"

Mektrida aliuacha ulezi kwenye mizani akaenda zake. Wenseslaus alivua glovu akasema hadaki tena mahali mzee yule anaposema, na timu yake yote ikasema hivyo hivyo. Katibu akamfuata Eliufoo nyumbani.

"Mzee wangu, mpaka yule mama aseme yameisha, kipaza sauti nakifungia kabatini."

"Kifungulie Jumamosi moja tu," Eliufoo akasema. "Nitamwomba radhi palepale, uwanja wote usikie."

Mkewe, Eunike, alikuwa akikamua ng'ombe. Hakugeuka. "Baba Goodness, mdomo ndio uliokupeleka huko. Chukua isale, uende na miguu yako. Na ukifika usiseme kitu."

Isale ni lile jani refu tunaloliotesha mipakani na makaburini. Huku kwetu ukimkosea mtu, unalifunga fundo unampelekea, naye hana njia ya kukataa. Eliufoo alilifunga, akashuka nalo Soweto, akasimama mlangoni kwa Mektrida amelishika kwa mikono miwili.

Kilabu kilikuwa kimejaa. Mektrida alimwona, akaendelea kuwahudumia wateja wake.

"Mangi," mmoja akaita kutoka kwenye benchi, "leo betri imekwisha?"

"Mwache, labda kuna mtoto amepotea," akadakia mwingine.

"Aliyepotea ni huyu mwenyewe."

Eliufoo aliendelea kulishika jani lake. Mabenchi yalipokwisha kupata, Mektrida alikuja, akalipokea jani, akalichomeka juu ya mlango. Kisha akaingia jikoni, akarudi na kata ya kibuyu imejaa.

"Isale nimeipokea," akasema. "Sasa kunywa, hawa waone."

Hakuna asiyejua kwamba mtu yule ameokoka. Akikataa kata, jani limekuwa la bure na uwanja amekosa. Akinywa, habari itafika kanisani kabla ya miguu yake. Eliufoo aliipokea, akanywa mpaka chini, akairudisha.

"Wense," Mektrida akaita ndani, "Jumamosi nenda ukadake. Yameisha."

Jumapili wazee wa kanisa walimweka Eliufoo pembeni kabla ya mnada.

"Ni kweli ulikunywa kwa Mektrida?"

"Nilikunywa alichonipa."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Mnada akapewa Filbert, karani mstaafu, aliyetaja bei kama anasoma bili ya maji. Ndizi zikawa zinaondoka kwa bei ya kuokota, na Eliufoo amekaa kwenye benchi na wengine, mikono magotini.

Uwanjani alisema miaka mingi baada ya hapo. Ya nyumbani kwa watu hakuyagusa tena. Mwishowe ilikuja kampuni ya soda na spika kubwa kama makabati, na kijana kutoka Dar aliyepiga muziki hata mchezaji akiwa amelala ameumia. Eliufoo alirudisha tarumbeta zake kwa katibu, zimefutwa vumbi, akarudi kwenye kahawa, ambayo nayo bei ilikuwa imeshaanguka. Mnada hakurudishiwa. Filbert alizeekea pale.

Mektrida alipofariki tulikwenda kumzika kwao Kibosho. Wakati wa kuteremka, Eliufoo aliniambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu zaidi ya Eunike.

"Ile kata haikuwa mbege. Yalikuwa maji ya ndizi ya asubuhi ile, hayajatiwa hata ulezi. Uji wa mtoto una nguvu kuliko yale."

"Na wazee wakakuvua mnada, ukanyamaza?"

"Ningewaambia wao, jioni habari ingekuwa imefika kilabuni, na walevi wangesema Mektrida alinipokea nusu. Yule mama alinisitiri kwa watu wake. Mimi nimuumbue kwa watu wangu?"

Tulitembea kidogo. Njia ilikuwa na utelezi.

"Alijuaje kama umeokoka?" nikamuuliza. "Yeye Mkatoliki, tena wa Soweto."

"Si nilikuwa nalisema kila Jumamosi," akasema, "kwenye kipaza sauti."