Maziwa ya mgando kwenye glasi za shampeni: niliyoyaona harusini Bariadi

Atukuzwe Mungu aliyetuamsha wazima. Wakuu, ng'wangaluka! Haya nimeyaona kwa macho yangu, chumvi sijaongeza.

Mimi ni mzee wa kanisa hapa Bariadi, pombe sijawahi kuonja. Ila binti yangu Kabula ameanza kukodisha vyombo vya sherehe, na sebule yangu imejaa glasi za wine na cocktail.

Nikamuuliza, "Mama, vinywaji vyote si vinaenda tumbo lile lile?"

Akacheka. "Baba, yenye tumbo kubwa ni ya red wine, harufu ipate nafasi. White wine ina ndogo yake, unashika mguu usiipashe joto kwa kiganja. Nyembamba ndefu ni ya shampeni, povu lisiishe haraka. Hii ya mdomo mpana ni ya cocktail isiyo na barafu."

(Hiyo ya mdomo mpana, wakuu, ukicheka tu umemwaga.)

Kazi yake ya kwanza ilikuwa harusi ya binti wa Mzee Masanja, mfugaji wa Kasoli. Akiridhika, Kasoli nzima itamwita Kabula. Akinuna, glasi zinabaki sebuleni kwangu.

Masanja ni mlokole. Akasema hakuna pombe, watu watagonganisha glasi kwa maziwa ya mgando ya ng'ombe wake. Akachagua zile nyembamba ndefu.

Kabula akamwambia kwa adabu, "Baba, mgando ni mzito, humo hautatoka."

"Weka hizo! Zimesimama kama maaskari!"

Zikawekwa.

MC akasema cheers. Baba wa bwana harusi akainua glasi mdomoni, mgando hautoki. Akainua zaidi, wapi. Akaigonga kitako.

Bonge likashuka lote kwa mpigo. Ndevu, tai, suti.

Mkwe huyo wa Masanja akauliza, "Nani kaleta glasi hizi?"

Macho yote kwa Kabula. Binti yangu akainamisha kichwa, hakumtaja mtu. Mimi nikaomba kimoyomoyo.

Masanja akasimama. "Mkwe, mtoto alinikataza. Kiburi ni changu, nisamehe."

Mkwe akajilamba ndevu taratibu. "Mgando wenyewe mtamu lakini. Nipeni chombo cha binadamu!"

Ukumbi mzima kicheko! Kabula akaleta zile za tumbo kubwa. Watu wakawa wanazungusha kwanza kama wanywa wine, mgando ukalainika, ukashuka vizuri. Wengine waliongeza mara tatu.

Mkwe akamwita Kabula. "Mwanangu, nina mabinti wawili nyumbani. Harusi zao ni zako. Ila Masanja asikaribie kabati la glasi."

Nilichojifunza: mwenye kazi yake akikushauri, msikilize, hata kama ng'ombe ni wako. Na ukikosea, simama useme mbele ya watu. Neno la Masanja lilimwokoa mwanangu.

Wanaojua glasi nyingine, karibuni mniongezee elimu. Nawe uliyesoma hadi hapa, Bwana akujalie nyumba yenye amani na kikombe kisichokauka. Amina.