Sombe Isiyo na Nyuzi

Nilipotoka Butembo kuolewa Beni, jirani yangu alionja sombe yangu ya kwanza akaitema mbele ya wakwe zangu. "Iko na nyuzi," alisema. "Batu ya Butembo banajua viazi tu. Hii patia mbuzi."

Nilimchukia kwa moyo wangu wote. Kila nilipotwanga majani ya muhogo ya sombe, nilikuwa namtwanga yeye ndani ya kinu. Naye akisikia mchi wangu, alianza kutwanga upande wa pili wa ua, kwa nguvu zaidi, na hakuna kati yetu aliyekubali kuwa wa kwanza kuacha. Baadaye alikuja na kijiko chake, bila kualikwa, akaonja. "Bado." Miaka yote neno lake lilikuwa hilo. Mume wangu alisema sombe yangu imekuwa tamu, lakini mume wangu anajua nini?

Msimu huu wa kakao alikwenda shambani kwake, wauaji wa msituni wakamkuta huko. Alirudishwa amefunikwa kikwembe chake mwenyewe cha kujifunga.

Kwenye matanga, wanawake walinipa kinu. "Mama, weye njo unajua sombe kutupita shiye bote." Nilitwanga mpaka viganja vikatoka malengelenge. Waombolezaji walikula bugali na sombe yangu, wakasifu, wakaomba kuongezewa.

Nilipoonja mwenyewe, uzi mmoja ulinasa kwenye meno yangu. Nikangoja mtu aseme, "Bado."

Wote waliendelea kula.