Kiputo cha Évode

Évode wangu alikuwa mwalimu wa fizikia pale Remera, na jamani, alikuwa mbishi! Mradi mmoja wa kupima udongo ulipofungwa, wakampa kompyuta yao kuukuu, naye akaiweka sebuleni, mahali pa kabati langu la vyombo. Miaka miwili alikuwa anaifundisha kuchora kiputo cha sabuni. Mimi nikamwambia, "Viputo? Lete beseni nikupulizie hata mia."

"Mama Ihirwe, rangi zile hazimo kwenye sabuni," akasema. "Mwanga unarudi kutoka upande wa nje wa ngozi ya kiputo na upande wa ndani, unakutana, ndipo rangi inatokea. Maji yakishuka, ngozi inakonda. Kikikaribia kupasuka, juu panakuwa peusi." Alitaka mashine ikokotoe yote hayo, nukta kwa nukta. Picha moja ilikula siku nne. Umeme ukikatika, anaanza upya. Ulikuwa umeshamkatikia mara tano.

Mwaka 1994 ulikuja vibaya. Redio ilitaja watu kwa majina. Jirani yetu Nyirahabimana, niliyezoea kuazimana naye mwiko, akaja kuniuliza tunalala wangapi, huku macho yake yanahesabu milango. Vitambulisho vyetu viliandikwa Mtutsi. Niliogopa mpaka maziwa yakanikauka. Dada yangu Jovia, aliyeolewa Ngara, Tanzania, akatuma neno: njooni wote. Tukapata basi la kwenda mpakani Rusumo, Jumanne baada ya Pasaka.

Évode akaiwasha picha yake Jumapili ya Pasaka. Jumanne asubuhi nimebeba mtoto, mizigo iko mlangoni, yeye bado amekaa mbele ya kioo. Karibu nusu ya kiputo ilikuwa imetoka: juu peusi, chini yake dhahabu na zambarau. Kilikuwa kizuri ajabu, na nilikichukia.

"Tangulieni," akasema. "Alhamisi itakuwa imekwisha. Ijumaa niko Ngara."

"Baba Ihirwe, watatuua!"

"Siku mbili tu."

Nikainama, nikaushika waya wa umeme pale ukutani. Hakunifokea. Alinitazama tu, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akasema, "Naomba." Miaka minane ya ndoa hakuwahi kuniomba kitu namna ile. Nikauachia.

Mauaji yalianza Jumatano usiku. Watu huniambia si kosa langu. Waniache bwana! Ningeung'oa ule waya, angeninunia njia nzima mpaka Rusumo, na angekuwa hai.