Kidole cha Fundi Saa

Marehemu kaka yangu alikuwa fundi saa, na hakumwamini mtu na kamera yake. Kila picha alipiga mwenyewe. Ndiyo maana mkewe, shemeji yangu, fundi cherehani aliyeuvisha mtaa mzima, hana hata picha moja ya mumewe. Ana kidole tu. Bwana yule alishika vidude vya saa visivyoonekana kwa macho, lakini akipewa kamera, kidole chake chenye ukucha uliopasuka kilijiweka mbele ya lenzi. Jioni tulitundika shuka, tukawasha projekta, na kidole kikitokea watoto walipiga kelele: "Baba kaingia!"

Tulitazama pamoja, tukachekana. Siku hizi kila mtu ana maelfu ya picha mfukoni na hana wa kumwonyesha.

Majuzi mjukuu wa shemeji "alisafisha nyumba". Sanduku la slaidi, zile picha ndogo za kuangaza kwa projekta, likaenda kwa muuza vikorokoro, kisha kwa kijana msanii, kisha kwenye ukumbi wa maonyesho. Mlangoni wameandika: Familia Isiyojulikana.

Nikampeleka shemeji. Mashuka yananing'inia kama kwa dobi, na ndugu zetu juu yake, wakubwa kama milango. Mwanamke mmoja alikuwa analia mbele ya shangazi yetu. Hata msibani kwake hatukulia hivyo.

"Bibi," msanii akanong'ona, "hawa ni sisi sote."

"Sisi sote wapi?" Shemeji akaonyesha shuka la pili. "Huyo dada yangu, na gauni hilo nimelishona mimi. Bega moja limekaa upande, mpaka leo naona haya."

Kijana akatuvuta pembeni. "Tafadhali, bibi, polepole. Wakijulikana, kazi yangu imekufa. Watu wamekuja kuwakumbuka wasiowajua."

"Basi kumbukeni. Mimi nataka zenye kidole tu, mjukuu wangu."

"Zile zilizoharibika? Nilizitupa. Imebaki moja, nimeiweka chini ya mguu wa meza isiyumbe." Akafikiri kidogo. "Nikikupa, utanyamaza?"

Shemeji akamtazama dada yake kwenye shuka. Akamtazama sana.

"Nitanyamaza."

Meza ikainuliwa. Shemeji akaipangusa slaidi kwa pindo la gauni lake.

Tulipokuwa tunatoka, yule mwenye machozi akamshika mkono. "Mama, na wewe umeguswa, eh? Sijui walikuwa kina nani, masikini."

Shemeji yangu huyu, mteja akiwa mnene humwambia mnene. Sijawahi kumsikia akidanganya.

"Hata mimi siwajui," akasema, akaharakisha mwendo.

Nyumbani projekta ilishaondoka pamoja na sanduku. Akaisogeza slaidi kwenye mwanga wa dirisha, akafumba jicho moja. Ndani yupo yeye, binti bado, kwenye cherehani, na kidole kimeziba nusu ya uso.

"Toa kidole, bwana wewe," akakiambia. "Unaniziba."

Nikamwambia mkono utachoka. Hakuushusha mpaka mwanga ulipokwisha.